Kamera Ikae Kisimani

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora ulifika Mpwapwa ukiwa bado na nguvu. Baada ya hapo mambo yalibadilika. Mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, na nyika hiyo ilipokwisha ndipo nchi ya Wagogo ilipoanza. Upande wa pili wa Ugogo, kwa wanaoendelea magharibi, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori refu ambalo wapagazi waliliogopa. Kati ya nyika hizo mbili, maji na nafaka vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Tajiri mwenye mamia ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, hakuweza kuipita nchi hiyo bila kutua, na hakuweza kutua bila kuzungumza na mtemi. Mazungumzo yenyewe yalihusu hongo, yaani malipo ya kupita: doti ngapi za vitambaa vya merikani, doti ngapi za kaniki, shanga za rangi gani, waya kiasi gani, ndipo msafara ufunguliwe njia na uruhusiwe kuteka maji.

Safari hizo zimetuachia vitabu vingi. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 pamoja na John Speke, alitoa juzuu zake mbili mwaka 1860. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Kwa Kiswahili tunayo maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tunacho pia Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, ambamo watu wa pwani wanasimulia kwa vinywa vyao namna walivyokwenda bara. Ndani ya vitabu hivi mna kiu, vita, hila, tamaa, urafiki unaovunjika na mtu anayerudi nyumbani akiwa si yule aliyeondoka. Ni viungo vilevile vya hekaya za kale za ushujaa, tangu za mashujaa wa Ulaya waliovaa chuma, ambazo runinga za dunia haziishi kuzirudia, hadi za Fumo Liyongo wa Pate. Mtanzania anayetafuta hadithi kongwe ya kuigeuza tamthilia hana haja ya kuvuka bahari. Lakini akivichukua vitabu hivi na kuvifuata ukurasa kwa ukurasa, atatengeneza kitu dhaifu na kisicho cha kweli, kwa sababu vyote vinaiangalia nyanda ya kati kwa jicho la mpita njia. Hoja ya sura hii ni kwamba tamthilia nzuri ya njia ya misafara itapatikana pale tu mtunzi atakapoihamisha kamera kutoka nyuma ya msafiri na kuiweka kisimani, kwa mwenyeji anayeiona misafara ikija na kuondoka.

Kuhamisha jicho la simulizi namna hiyo kumekwisha kujaribiwa kwingine, na matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1975 James Clavell alichapisha riwaya iitwayo Shōgun, inayosimulia habari za baharia Mwingereza anayetupwa na bahari katika Japani ya mwaka 1600. Kituo cha NBC cha Marekani kiliitengeneza kwa ajili ya runinga mwaka 1980. Katika tamthilia ile Wajapani walizungumza lugha yao bila tafsiri kuandikwa chini ya skrini, kwa makusudi, ili mtazamaji achanganyikiwe pamoja na mgeni. Mwaka 2024 riwaya ileile ilitengenezwa upya na kituo cha FX. Safari hii sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa ya Kijapani yenye tafsiri, wakuu wa Japani wakapewa mashauri yao, hofu zao na mipango yao, na baharia akawa mmoja tu kati ya watu wengi wenye kutaka jambo. Kitabu hakikubadilika, na matukio makuu yalibaki yaleyale. Kilichobadilika ni nani anaeleweka. Msimu huo mmoja ulipata tuzo 18 za Emmy, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine iliyowahi kuifikia kwa msimu mmoja. Tuzo pekee hazithibitishi ubora, lakini zinaonyesha kwamba kumpa mwenyeji akili na ulimi hakuwafukuzi watazamaji.

Njia ya Ugogo nayo imewahi kuingia kwenye runinga, ila kwa jicho la mpita njia. Mwaka 1971 shirika la BBC lilitoa mfululizo wa sehemu sita juu ya kutafutwa kwa chanzo cha mto Nile, uliosimuliwa na mwigizaji James Mason. Majina yanayoubeba mfululizo huo ni Burton, Speke, Baker, Livingstone na Stanley. Mwaka 1990 ikaja filamu ya Bob Rafelson juu ya Burton na Speke, iliyotokana na riwaya ya William Harrison. Hizi ni kazi zilizofanywa kwa bidii na kwa ujuzi wa fani. Hata hivyo swali linalozisukuma ni la London: nani aliliona ziwa kwanza, nani alimsaliti mwenzake, nani aaminiwe na chama cha wanajiografia. Swali hilo halikuwa na maana yoyote kwa mtu wa Ugogo, awe wa Mvumi au wa Kanyenye. Yeye alikuwa na maswali mengine, na kwa tamthilia maswali yake ni mazito zaidi: mvua itanyesha lini, mtama uliobaki ghalani utafika msimu ujao au la, na wageni hawa mia tano wanaotaka maji watayamaliza yetu sote au watatuachia kitu cha maana.

Uzito wa maswali hayo unatoka kwenye ardhi yenyewe. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi, na maji hutafutwa kwa kuchimba kwenye mchanga wa makorongo au kwa kulinda madimbwi yasikauke mapema. Katika nchi ya namna hiyo kisima kina mwenyewe, kina historia na kina sheria. Mtemi wa Kigogo hakuwa mfalme mwenye jeshi kubwa. Nguvu yake ilitokana na dhamana ya mvua, mawe ya mvua na rutuba ya nchi, na watu walimfuata kwa kuwa waliamini kwamba uhai wa mazao na mifugo unapita mikononi mwake. Aliyekuja na vitambaa akataka maji alikuwa akigusa kitu kilichoshikilia utawala mzima. Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kwamba hongo ilikuwa uporaji. Tukiisoma kwa macho ya mwenye kisima tunaona ushuru wa nchi huru, uliowekwa na watu wanaojua thamani ya walichonacho na wanaojua pia kwamba mgeni hana njia nyingine iliyo rahisi.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa, nalo ni la haki. Kuhamisha kitabu kwenda kwenye runinga kunadai uaminifu. Ikiwa vitabu tulivyo navyo viliandikwa na wasafiri, je, mtunzi anayeiweka kamera kisimani hajiandikii tu kitabu chake mwenyewe na kukipachika jina la kale? Jibu langu ni kwamba ushahidi wa mwenyeji umo ndani ya vitabu vilevile, na umo kwa wingi, kwa sababu wasafiri walilalamika kwa urefu. Mtu analalamika juu ya kile kilichomshinda. Burton anapomweleza Magomba, mtemi wa Kanyenye, na Stanley anapomkuta Magomba huyohuyo zaidi ya miaka kumi baadaye, tunapata bila wao kukusudia picha ya mtawala aliyedumu, aliyeona mataifa mengi yakipita mlangoni kwake na aliyejua kungoja. Stanley anataja vituo vyake kimoja kimoja, Mvumi, Matumbulu, Bihawana, majina ambayo mkazi wa Dodoma wa leo anayajua, na anaeleza umati wa watu waliofurika kumtazama. Kwenye ukurasa wake umati ule ni kero. Kwenye skrini, kutoka upande wa umati, mgeni ndiye tamasha, na watu waliokuja kumtazama wana majina, utani na maoni yao. Hapo mtunzi anakuwa amekisoma kitabu hadi mwisho wa kile kinachoshuhudia.

Zaidi ya hayo, nyanda ya kati ina kitabu chake. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa karibu na mji wa Dodoma mwaka 1917, alichapisha mwaka 1954 Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Watu wengi wanamkumbuka kwa ushairi, lakini kazi hii ya nathari ni hazina ya namna yake. Inaeleza koo zilivyotoka pande mbalimbali na kukutana kwenye nyanda hii hadi kuwa kabila moja, inaeleza watemi na maeneo yao, ndoa, mifugo na matambiko. Mtunzi wa tamthilia anayeweka kitabu cha Mnyampala upande mmoja wa meza na vitabu vya wasafiri upande wa pili ana kila anachohitaji. Msafiri anampa tarehe, mizigo, majina ya vituo na mwendo wa safari. Mwenyeji anampa sababu za watu kufanya walichofanya. Uaminifu kwa kimoja bila kingine ungekuwa nusu ya uaminifu.

Kitabu cha Tippu Tip kinahitaji uangalifu wa peke yake, maana ndicho kilicho karibu zaidi na riwaya ya visa katika maktaba ya Kiswahili ya zama zile. Uzito wa matukio yake uko mbali na Dodoma: vita na Nsama wa Itabwa, kisha kule Utetera ambako anamshawishi mtawala mzee Kasongo kwamba wao ni ndugu wa damu kwa upande wa bibi aliyechukuliwa utumwani, na kwa hila hiyo anakabidhiwa nchi. Ni kisa ambacho mwandishi yeyote wa tamthilia angekitamani. Kishawishi kitakuwa kumfanya Tippu Tip shujaa na kuifanya Ugogo kuwa vumbi la kupita kabla hadithi haijaanza. Ningeshauri kinyume chake. Mtu mwenye ulimi wa kuweza kuipata nchi nzima kwa maneno anapofika mahali ambapo maneno yake hayapunguzi hata doti moja ya hongo, hapo ndipo tabia yake inapopimwa. Tamthilia inayomwona kutoka kisimani itamwonyesha akija kijana, akirudi tajiri na akipita tena mtu mzima mwenye bunduki nyingi, na kila mara wenyeji watalazimika kupima upya ni kiasi gani cha nguvu wanacho mbele yake. Nguvu za pande hizo mbili zilibadilika mwaka hadi mwaka, na mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi na mtu aliyekaa mahali pamoja.

Pingamizi la pili ni la watayarishaji: mtazamaji anataka mwendo na mapigano, na majadiliano ya hongo yatamchosha. Nadhani anayesema hivyo hajayaangalia majadiliano hayo kwa karibu. Msafara umetua, wapagazi wamechoka, akiba ya nafaka ni ya siku chache. Mtemi anatuma mjumbe na kutaja kiasi. Kiongozi wa msafara anarudisha nusu yake. Mjumbe anarudi na kusema mtemi amekasirika, na kwamba leo hakuna kuteka maji. Usiku wapagazi kadhaa wanatoroka na mizigo. Asubuhi bei ya mtama imepanda. Kila saa inayopita inampa nguvu aliyekaa na kumpunguzia nguvu anayesafiri, mpaka mawingu yaanze kujikusanya na hesabu igeuke. Huu ni mchezo wenye saa inayohesabu, wenye hatari ya damu kumwagika na wenye pande mbili ambazo kila moja ina haki yake. Mtu wa Dodoma ametufundisha hata umbo la kuuwekea. Ngonjera, ushairi wa kujibizana unaoghanwa na kuigizwa jukwaani, ulipata umaarufu wake kwa kazi ya Mnyampala huyohuyo. Vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilianza kutoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Katika ngonjera pande mbili zinakuja na misimamo inayopingana, zinajibizana hoja kwa hoja, na mwisho zinafikia jambo. Majadiliano ya hongo yana mfumo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wa muswada aliyekulia kwenye ngonjera za shuleni ana chombo tayari mkononi cha kuyajenga maonyesho hayo.

Kutokana na umbo hilo tunapata pia mhusika mkuu. Katika Shōgun ya mwaka 2024, moyo wa hadithi uko kwa Mariko, mwanamke anayetafsiri kati ya baharia na mtawala na ambaye kila neno analolichagua linaweza kuua au kuokoa. Njia ya Ugogo ilijaa watu wa nafasi hiyo: wajumbe, wakalimani, wanawake walioolewa kwa wageni, wapagazi wa Kinyamwezi waliopita mara nyingi hadi wakajua lugha na koo. Mmoja wao anajulikana kwa jina. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa hadi India na baadaye akawa mtu huru, alipita njia hii na Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena na Speke na Grant mwaka 1860, akaja na Stanley mwaka 1871 na Cameron mwaka 1873. Wazungu walibadilika, yeye alikuwepo. Kutoka kisimani Bombay ni uso unaorudi, kila mara mwenye mvi zaidi, anayejua majina ya watoto waliozaliwa tangu alipopita mara ya mwisho. Mkabilishe na binti wa Kigogo wa kubuni, mjumbe wa mtemi, anayekua kutoka msichana hadi mama mtu mzima katika miaka hiyohiyo, na tayari una uti wa mgongo wa misimu mitatu. Mmoja anauza ujuzi wake kwa wapitaji, mwingine anautumia kulinda mahali. Kila mmoja anamwelewa mwenzake kuliko wanavyoeleweka na mabwana zao.

Muundo wa visa unaokwenda na kurudi mahali pamoja unaweza kuonekana mgeni kwa mtu aliyezoea hadithi inayosonga mbele bila kugeuka nyuma. Lakini simulizi za safari zimejengwa hivyo tangu kale. Riwaya ya Kichina ya Safari ya Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1592 kwa sura 100, ilitokana na ziara ya kweli ya mtawa Xuanzang katika karne ya 7, aliyetoka China mwaka 629 akarudi 645 akiwa na maandiko ya Kibudha kutoka India. Ni mlolongo wa vizuizi: kila nchi ina mlinzi wake, na kila mlinzi anataka kitu. Televisheni ya taifa ya China iliitengeneza kwa sehemu 25 zilizoanza kuonyeshwa miaka ya 1980 chini ya mwongozaji Yang Jie, na imerudiwa kuonyeshwa mara nyingi kupita kiasi cha kuhesabu. Yang Jie alikuwa na vifaa haba, inasemekana sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera moja, na bado aliwapeleka waigizaji wake kwenye milima, maziwa na mahekalu ya kweli. Funzo la kwanza kwetu ni kwamba muundo wa kisa kimoja kwa kila kituo unaishi vizuri sana kwenye runinga. Funzo la pili linahusu fedha.

Maana hilo ndilo pingamizi linalotajwa kwanza kila mahali panapozungumzwa tamthilia ya kihistoria Tanzania: gharama. Msafara wa watu 500, bunduki za gobori, bendera, pembe za ndovu, mavazi ya miaka ya 1850, nani atalipa? Hapa ndipo kuhama kwa kamera kunapokuwa pia uamuzi wa busara wa mtayarishaji. Anayeufuata msafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji analazimika kuujenga kila siku mahali papya. Anayekaa kisimani anajenga mara moja: tembe chache za udongo zenye paa bapa na zizi katikati, korongo lenye mchanga, mbuyu, na uwanja wa kupiga kambi. Msafara anausikia kabla ya kuuona. Mtazamaji anasikia ngoma na pembe, anaona vumbi, kisha anamwona kirangozi mbele na bendera yake nyekundu na wapagazi 30 nyuma yake. Wengine 470 wanabaki kwenye sauti na katika hesabu ya mtemi anayeuliza ni midomo mingapi imekuja. Mawe makubwa ya granaiti, mbuga na vichaka vya Chamwino, Bahi na Manyoni vipo bila kulipiwa, na ufundi wa kujenga tembe haujapotea vijijini. Hata waongozaji wa mataifa tajiri hutafuta hadithi yenye mahali pamoja pa kurudi, kwa kuwa fedha inayookolewa kwenye safari inakwenda kwa waigizaji.

Pingamizi zito kuliko yote si la fedha. Ni la maadili. Njia ya misafara ilipitisha watu waliofungwa. Je, tamthilia inayomtukuza mtemi kwa kudai haki ya maji yake haitawapitisha watumwa nyuma ya pazia ili hadithi ya ujasiri isitiwe doa? Hatari hiyo ipo, na inaongezeka tunapomfuata tajiri wa msafara, kwa sababu tukisafiri naye tunaanza kumtakia afike salama. Kisimani hatuna faraja hiyo. Aliyekaa hapo anawaona wapagazi huru wa Kinyamwezi, ambao utafiti wa mwanahistoria Stephen Rockel umeonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye fani na heshima yao, na kesho yake anamwona mwanamke mwenye kamba shingoni akiomba maji. Hongo inayotolewa na msafara wa pili ni merikani ileile. Mtemi anaipokea au anaikataa? Akiipokea, tamthilia imwonyeshe akiipokea, na imwonyeshe binti mjumbe akiyajua aliyoyatafsiri. Historia haituruhusu kudai kwamba watawala wa bara walisimama wote nje ya biashara ile. Kwa kuiweka dhambi hiyo mbele ya mtu tunayempenda, tamthilia itakuwa imefanya jambo ambalo vitabu vya wasafiri havikulifanya: wasafiri wa Ulaya waliuandika utumwa kama kosa la wengine.

Limebaki suala la lugha. Watayarishaji wanaogopa kwamba Chigogo kitawakimbiza watazamaji wa Mwanza au Mombasa. Lakini watazamaji hao wamekwisha kuonyesha uvumilivu mkubwa. Mwaka 2011 walimpokea Doudou na mama wakwe zake kutoka China kwa sauti za Kiswahili kupitia TBC, na baadaye wakakaa mbele ya Azam TV kufuatilia fitina za jumba la mfalme wa Kituruki katika Sultan. Watu wanaoweza kuishi miezi mingi ndani ya Istanbul ya karne ya 16 hawatashindwa na Kanyenye ya karne ya 19. Na hapa lugha mbili zinahitajika kwa ajili ya hadithi yenyewe. Kiswahili kiwe lugha ya kambini, chenye lafudhi za pwani, za Unyamwezi na za Manyema. Chigogo kiwe lugha ya ndani ya tembe, na tafsiri yake iandikwe chini ya skrini. Mtazamaji atajua wakati wote yuko upande gani wa mazungumzo, na ataona pale mkalimani anapolainisha tusi au kukoleza tishio. Muziki nao usiagizwe kutoka mbali. Zeze na ilimba ambazo Hukwe Zawose alizipeleka kwenye majukwaa ya dunia kabla hajafariki mwaka 2003, uimbaji wa sauti nyingi wa Wagogo na muheme unaopigwa na wanawake vinaishi hadi leo Chamwino na vijiji jirani. Wapigaji wake waajiriwe tangu siku ya kwanza, washauriane na mwongozaji, waingie kwenye hadithi kama watu wa hadithi.

Msimu wa mwisho hauhitaji kubuniwa. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita Ugogo akirudi pwani, akakataa kulipa, akachoma vijiji na kuteka ng'ombe, kisha akayaandika hayo mwenyewe kwa fahari. Baada ya hapo utawala wa Kijerumani ulihakikisha kwamba hongo inalipwa kwa upande mmoja tu, na sasa ikaitwa kodi. Reli ya kati ikapita Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wakakosa kazi. Kutoka mgongoni mwa msafara, huo ni mwisho mzuri: njia imefunguka. Kutoka kisimani ni habari ya nchi kupoteza uwezo wa kumwambia mgeni subiri. Kuna watakaosema kwamba kuibua kumbukumbu hiyo ni kuchokonoa vidonda. Nadhani taifa lililoamua mwaka 1973 kuufanya mji wa nyanda hii kuwa makao yake makuu linadaiwa zaidi ya majengo. Limekaa katikati ya nchi ambayo kwa miaka mingi ilisimuliwa kama mahali pa kuvumilia hadi upite. Chuo Kikuu cha Dodoma kina walimu wa historia na wa Kiswahili, vituo vya runinga vina watazamaji, vijiji vina mafundi na waimbaji, na vitabu vipo. Kinachotakiwa ni mwandishi atakayekubali kukaa mahali pamoja, asome vitabu vya wapitaji kwa makini kuliko wao walivyoitazama nchi, na awape wenye maji haki ya kusimulia nani alifika, alitaka nini na aliacha nini.